Karani wa Posta ya Mawe

Karani wetu wa posta alikuwa akibisha hodi kwenye chumba kisichokuwa na mtu. Nilimsikia siku ile ile nilipoweka cherehani yangu barazani pake, nikadhani ana mgeni huko ndani. "Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeingia kwa wakwe. Akangoja kidogo. Kisha nikasikia kitasa kikilia na mlango mzito ukiburuzwa juu ya jiwe. Alipotoka alikuwa na mfuko wa barua begani.

"Una mgeni, Karani?" nikamwuliza.

Akanitazama juu ya miwani. "Mgeni gani? Wewe shona."

Nilishona pale sehemu kubwa ya miaka ya hamsini. Kijiji chetu kiko kwenye mteremko, juu ya Chimala, mahali ambapo barabara ya Mbeya inapanda na malori yanapiga kelele kama ng'ombe anayezaa. Asubuhi ukungu ulitufunika mpaka mtu akisalimia humwoni. Duka lilikuwa moja, kanisa moja, na posta. Kwa kuwa mwenye duka hakutaka fundi cherehani barazani kwake, Karani akaniambia nikae kwake. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Nyumba hii inahitaji sauti ya mtu mchana."

Sikuyatilia maanani maneno hayo wakati ule.

Alikuwa mtu wa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu, na kalamu mbili mfukoni, moja ya wino mweusi na moja ya wino mwekundu. Mizani yake ya shaba aliisugua kwa majivu na limau mpaka ukaweza kujitazama usoni. Akipiga mhuri alipiga kwa nguvu, kama anayeua siafu. Aliwakaripia watu wazima kwa kulamba stempu ovyo. Lakini huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwaandikia wanawake barua za waume zao walioko Joni, kwenye migodi ya Afrika Kusini, na hakupokea hata yai. Mwanamke akimletea kuku, alimkaripia. Kuku akishafika nyumbani kwake, nyuma ya posta, kwa mlango wa uani, mkewe akampokea, Karani hakuuliza ametoka wapi.

Msemo wake ulikuwa mmoja: "Serikali haina haraka, lakini haisahau." Aliutumia kwa kila jambo. Barua ikichelewa, serikali haina haraka. Mtu akiulizwa kodi ya mwaka juzi, serikali haisahau. Alilisema hilo kwa fahari, kama mtoto anayemsifu baba yake mkali.

Jumba lenyewe lilijengwa na Wajerumani, au niseme lilijengwa na baba zetu huku Wajerumani wakiwatazama. Mawe yalibebwa vichwani kutoka korongoni, kule mto unakoteremka kuelekea Usangu. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba ukinyosha mkono dirishani, vidole havikufika nje. Mlango wa mbele ulikuwa na tao, na juu ya tao palikuwa na jiwe la maandishi ambayo mtu fulani, baada ya vita, aliyakwangua kwa patasi. Waingereza walipokuja waliondoa nyasi wakaezeka bati, wakaongeza baraza la nguzo za matofali, wakaweka kaunta ya mninga na sanduku jekundu la barua. Ukiitazama kwa mbele, ilikuwa posta kama posta nyingine.

Nyuma hawakugusa kitu. Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha, ila mwanya mwembamba chini ya paa. Sakafu yake ilikuwa chini kuliko ardhi ya nje, uliteremka vidato kuingia, kama anayeingia kisimani. Masika maji yalipenya katikati ya mawe na kutuama sakafuni, ndiyo maana Karani aliipanga mifuko ya barua juu ya mbao. Na ukutani, usawa wa shingo ya mtu aliyeketi, palikuwa na pete za chuma.

Karani alizitundikia mifuko mitupu. "Chuma ni chuma," alisema nilipoziona. "Kazi yake ni ile unayokipa."

Wazee hawakukubaliana naye. Wao hawakusema posta. Walisema Nyumba ya Minyororo. Waliokimbia kubeba mizigo, waliokosa kodi, waliomjibu mzungu vibaya, wote walipitia mle, na si wote waliotoka. Mtu akiwa na barua ya kutuma, akiwa ni wa umri ule, alisimama uwanjani akanipa mimi niipitishe. Karani aliwaona kupitia mlangoni na kuchukia kweli kweli.

"Ushenzi!" alisema. "Nyumba ina bati, ina saa ya ukutani, ina picha ya Malkia, wao bado wanaona minyororo."

Kila mwaka kabla ya mvua alilipaka jumba zima chokaa, na chini akazungusha ukanda wa lami. Likang'aa mpaka lilionekana kutoka barabarani chini. Lakini kwenye ukuta wa chumba cha nyuma doa la unyevu lilirudi daima, kwanza kama jasho, kisha kijani, kisha jeusi. Alipaka tena. Nilimwambia ni maji tu, Karani, ukuta unanywa maji ya kilima. Akasema anajua ni maji. Akaendelea kupaka.

Palikuwa na jambo jingine lililowafanya watu wamwogope. Telegramu za kifo hakuzitoa kaunta. Mama akija kuuliza kama kuna habari ya mwanawe, na habari ipo, na ni mbaya, Karani alimwambia, "Nenda nyumbani, mama. Nitakuletea." Akifunga ofisi alivaa kofia, akavua viatu ili visiharibike kwa matope, akavishika mkononi, akapanda kilima peku. Akifika karibu na nyumba alivivaa. Hapo ndipo aliposema. Ulikuwa ni wema, nami hadi leo nasema ulikuwa wema. Lakini ulizaa hofu ya ajabu. Jioni akionekana amevaa kofia, wanawake waliingia ndani na watoto wao wakafunga milango, kama vile kifo kingekosa mahali pa kubisha. Alipita katikati ya nyumba zilizofungwa, anatazama mbele. Siku moja alinirudia barazani akiwa amechoka. "Fundi," akasema, "hivi mimi nanuka?"

Mzee wa kilimani ndiye mtu pekee aliyembishia uso kwa uso. Tulimwita hivyo kwa sababu shamba lake lilikuwa la juu kabisa, mahali ambapo mahindi yanashikilia mwamba kwa kucha. Baba yake alikuwa mmoja wa wale ambao hawakutoka. Alikuja na barua za mjukuu wake aliyekuwa akisoma, akasimama uwanjani, akaongea na Karani kwa sauti ya kupita juu ya kichwa changu.

"Mzee, karibu ndani," Karani alisema. "Kuna benchi."

"Nimeliona benchi, mwanangu. Nimekaa."

"Umesimama kwenye jua!"

"Basi nimekaa kwenye jua."

Walibishana hivyo miaka na miaka, nami nadhani walipendana. Mzee alipougua, Karani alimpelekea dawa ya kikohozi. Karani alipopata mtoto, Mzee alileta mkungu wa ndizi, akauweka uwanjani, mahali pake pa kusimama, akaondoka.

Kisha ikaja amri ya matuta.

Wakubwa wa boma walisema udongo wa vilima unateremka, kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta ya kukinga maji, na asiyechimba atakamatwa. Labda walikuwa na hoja. Lakini kazi ile iliwaangukia wanawake na wazee, maana vijana walikuwa Joni, na ilikuja msimu wa kupanda. Watu wakakataa. Hawakupiga kelele. Walikaa tu nyumbani, na majembe yakalala kando ya mlango. Wakati huo vijana wa siasa walikuwa wameanza kupita vijijini na kadi zao za chama, kwa hiyo boma likaona ndani ya kila jembe lililolala mkono wa mtu mwingine.

Bwana Shauri, mzungu wa boma, alifika na gari dogo, pamoja na askari na mkalimani. Alizunguka jumba la posta, akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaomba afunguliwe chumba cha nyuma. Siku hiyo Karani hakubisha hodi. Bwana Shauri akachungulia, akazitazama pete, akacheka kidogo, akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" nilimwuliza Karani walipokwisha kuondoka.

Alifunga kitasa kwanza. "Anasema wenye nyumba hii walijua walichokuwa wakijenga."

Agizo lilikuwa kwamba mifuko ya barua ihamishiwe mbele. Wakaidi watakaokamatwa wawekwe chumba cha nyuma, kwa muda mfupi, mpaka gari la boma lije kuwachukua. Ufunguo ubaki kwa Karani, maana kitasa kile cha kale kilikuwa na ufunguo mmoja tu, mrefu kama mkono wa mwiko.

"Nawe ulisema nini?" nikamwuliza.

"Nilisema ndiyo, Bwana. Wewe ungesema nini?"

Akaanza kuhamisha mifuko. Nilimsaidia. Tulipomaliza, chumba kikawa kitupu, na kwa mara ya kwanza nikaona sakafu yote. Katikati mawe yalikuwa yamelika na kuwa laini. Karani aliliona jicho langu lilipokuwa. "Ni kwa muda mfupi," akasema. "Gari likija wanaondoka. Wakifika boma watapewa chakula." Alilisema hilo mara nyingi juma lile, hata ambapo hakuna aliyemwuliza.

Waliwakamata watatu. Wawili walikuwa watu wa makamo, ndugu, wenye nguvu zao. Wa tatu alikuwa Mzee wa kilimani. Waliletwa asubuhi, wamefungwa kamba mikononi, wanawake wakifuata nyuma bila kulia. Mzee alipofika uwanjani alisimama mahali pake. Askari akamsukuma. Hakuanguka. Alimtazama Karani, aliyekuwa amesimama chini ya tao na ule ufunguo.

"Leo nimekaribishwa kweli," Mzee akasema.

Karani akamwambia askari, "Mzee huyu ana kifua. Akae mbele, kwenye benchi. Nitamwangalia mimi."

Askari akajibu, "Andika hiyo kwa Bwana Shauri. Mimi nimeagizwa watatu, chumba cha nyuma."

Wakafunguliwa kamba, mlango ukaburuzwa. Nilikuwa kwenye cherehani, kitambaa mkononi, wala sikumbuki kilikuwa cha nani.

Adhuhuri mawingu yalishuka kilimani yakalala juu ya bati. Mvua iliyofuata haikuwa ya kawaida. Ilikuja na mawe ya barafu, ikageuza uwanja kuwa mto, na upepo ukaingiza maji barazani mpaka nikabeba mashine yangu kichwani na kwenda nyumbani. Nilipogeuka nilimwona Karani ameketi nyuma ya kaunta, mikono juu ya meza, anatazama saa.

Yaliyofuata niliyapata kwa wale ndugu wawili, na sina sababu ya kutowaamini, kwa kuwa kila mmoja aliyasimulia peke yake na yakafanana.

Askari alipoona gari halionekani, alimwambia Karani asifungue mpaka arudi, akaenda kujikinga kilabuni. Gari lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto, karibu na Chimala. Mle chumbani maji yalianza kupanda kutoka sakafuni. Hayakuwa mengi, yalifika vifundoni, lakini yalikuwa maji ya barafu, na hapakuwa na mahali pa kukaa. Wale ndugu walimweka Mzee katikati yao, wakamshika kwapani asikae chini. Akaanza kukohoa, halafu kutetemeka. Kisha akaacha kutetemeka, na hapo ndipo walipoogopa.

Wakapiga mlango. "Karani! Mzee anakufa. Fungua!"

Karani alikuja mlangoni. Walimsikia akihema. "Gari linakuja," akasema. "Nimepeleka telegramu. Vumilieni."

"Wamejibu nini?"

"Wamesema tungoje."

Akaenda. Akarudi. Wakamsikia tena akihema ng'ambo ya ubao. Mkubwa wa wale ndugu alimwambia, "Karani, wewe umesoma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu afe kwa matuta." Walisema alikaa pale muda mrefu sana, hata walianza kumsikia akiomba. Nuru kwenye mwanya ilikuwa imefifia ndipo kitasa kilipolia.

Alifungua. Hilo lazima lisemwe. Alifungua bila amri, akijua atakavyofanywa. Yeye na wale ndugu walimbeba Mzee mpaka mbele, wakamlaza juu ya kaunta, wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunika kwa mifuko ya barua. Karani akawasha jiko la mkaa. Akawaambia wale wawili, "Nendeni. Leteni watu na machela, apelekwe misheni. Mimi nitabaki naye." Wakaenda. Lakini kijito cha njiani kilikuwa kimefurika, na waliovuka walivuka kulipokucha.

Waliporudi na machela, nami nikiwa miongoni mwao, tulimkuta Mzee amelala juu ya kaunta ya mninga. Mifuko imepangwa vizuri mpaka kidevuni. Jiko limekuwa majivu. Alikuwa amekufa, naye alikuwa peke yake.

Mkewe Mzee aliingia mbele yetu. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza wa umri ule kuvuka mlango ule kwa miguu yake. Alimgusa mumewe paji la uso, kisha akatazama huku na huku chumbani, bila haraka.

"Aliyesema atabaki naye," akauliza, "yuko wapi?"

Karani akatokea mlango wa uani, shati halijafungwa vifungo. Alitutazama. Akatazama kaunta. Bibi akauliza tena, safari hii akimwelekea yeye, "Ulikuwa wapi, mwanangu?" Karani hakusema neno, wala siku ile, wala msibani ambako hakuja, wala barazani, ambako sasa tulikaa mimi na yeye kama watu wawili wanaongoja mabasi tofauti.

Serikali ilimhukumu kwa kufungua. Watu walimhukumu kwa kuchelewa. Boma lilimwachisha kazi kwa kuwaachia wakaidi, na siku alipopakia vitu vyake kwenye lori hakuna mkono ulioinuliwa kumsaidia kubeba kabati, isipokuwa wangu na wa dereva. Akina mama aliowaandikia barua walisimama milangoni. Hawakumtukana. Mmoja alitema mate, si kumwelekea yeye, alitema pembeni.

Posta nayo haikudumu pale. Karani mpya alikaa wiki chache akaomba uhamisho, akisema ukuta unamtia baridi yabisi. Wakajenga nyumba ya tofali chini barabarani. Bati la jumba la zamani likang'olewa, mvua ikaingia, chokaa ikabanduka vipande vipande. Mawe yale ni mazuri, ya kuchonga, na kwetu mawe mazuri hayakai. Lakini mpaka nilipohama hakuna aliyechukua hata moja, hata la kufanyia figa.

Nilimwona Karani wetu tena Iringa, mwishoni mwa miaka ile. Binti yangu alikuwa ameolewa Kihesa, nikaenda kumjulia hali alipojifungua. Jumapili, watu wakitoka kanisani, nikasikia nyuma yangu, "Fundi." Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na alikuwa ameanza kusalimia "Kamwene" kama Mhehe. Alinichukua mpaka kwake, vyumba viwili vya kupanga. Alikuwa akifundisha watu wazima kusoma, chini ya paa la kanisa, kwa ujira mdogo. Tukakaa uani. Mkewe, ambaye alinikumbuka, alikuwa jikoni.

Tulizungumza habari za mahindi, za bei ya kitambaa, za siasa. Nikamwambia watu wanasema uhuru uko karibu. Akasema, "Utakuja."

Kisha akauliza, "Bibi yake yu hai?"

Sikuhitaji kuuliza bibi yupi. "Yu hai. Bado anauliza."

Aliokota kijiti, akachora chini, akafuta kwa mguu.

"Walipoondoka wale ndugu," akasema, "Mzee alirudiwa na joto. Alifungua macho. Akaangalia juu, kwenye dari, akaangalia saa, akaniangalia mimi. Nilidhani atanitukana. Nilikuwa nimejiweka tayari, fundi. Nilitaka anitukane. Akasema, 'Asante, mwanangu. Umechoka. Nenda kalale.'"

Akakivunja kile kijiti.

"Nilikaa kidogo. Akasema tena, 'Nenda kalale, mimi sijambo.' Ilikuwa sauti yake ile ya uwanjani. Nikamfunika vizuri. Nikaongeza mkaa. Nikaenda." Alinitazama, na macho yake yalikuwa makavu. "Ningekwambia kwamba nilikesha nikigeuka kitandani, ungeniamini. Sikukesha. Kichwa kilipogusa mto nililala usingizi mzuri, kama mtoto, maana nilikuwa nimefungua mlango, naye alikuwa amenishukuru. Nililala mpaka niliposikia miguu yenu."

Uani kwa jirani mtu alikuwa akitwanga. Nilisema lile nililoliona karibu, kwamba nitafika kilimani nikirudi, na kwamba nitamwambia Bibi jinsi mumewe alivyomshukuru aliyemfungulia, ili moyo wake upoe.

Karani akatikisa kichwa.

"Mwambie yote," akasema. "Usimwambie hilo la asante peke yake. Mwambie na kwamba nililala."

Mkewe akatoka jikoni na maji ya kunawa. Karani akanyosha mikono yake kwanza, kisha akakumbuka kwamba mimi ni mgeni, akairudisha, akanipisha.